Si kila jicho jekundu la mtoto limeambukizwa: Uvimbe unaotokana na kinga ya mwili na jinsi unavyotibiwa

MTOTO anapoamka na macho mekundu, yanayowasha na kutiririka machozi, wazo la kwanza la mzazi ni kwamba ameambukizwa na wenzake shuleni. Mara nyingi mzazi huwa amekisia vyema. Wakazi wa Pwani ya Kenya wanakumbuka jinsi mlipuko wa macho mekundu ya kuambukiza ulivyowahangaisha mapema mwaka 2024.

Hata hivyo, lipo kundi jingine la maradhi ya macho ya watoto ambayo hayaletwi na bakteria, virusi wala kuvu. Hapa adui si kijidudu kutoka nje, bali ni kinga ya mwili wenyewe iliyochachamaa na kuanza kulishambulia jicho. Maradhi haya hayaambukizi wala hayaponi kwa antibayotiki, na yasipotambuliwa mapema yanaweza kumpotezea mtoto uwezo wa kuona.

Ugumu mkubwa uko kwenye dawa. Steroidi, ambazo huzima uvimbe huu kwa haraka, ndizo hizo hizo zinazoweza kuliharibu jicho zikitumiwa bila usimamizi. Kwa sababu hiyo, tiba ya maradhi haya haiishii kwenye kununua chupa ya dawa. Ni kazi ya kumfuatilia mtoto kwa miezi, na pengine kwa miaka.

Suala hili linazigusa familia za maeneo kama Dundori, katika eneobunge la Bahati, Kaunti ya Nakuru. Dundori iko kwenye miinuko ya mashariki mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara inayochepuka Lanet kutoka barabara kuu ya Nairobi na kupanda kuelekea Ol Kalou, Kaunti ya Nyandarua. Ni eneo lenye baridi, la wakulima wa viazi, kabeji na mahindi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Duka la dawa huwa karibu na nyumbani kuliko daktari wa macho, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mzio wa macho

Ugonjwa unaoonekana zaidi katika kundi hili ni mzio sugu wa macho ya watoto, ambao madaktari huuita venali keratokonjaktivaitisi. Huwapata watoto wengi katika nchi zenye joto au ukavu barani Afrika, Mashariki ya Kati na Bara Hindi. Aghalabu huanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 10, huwapata wavulana kuliko wasichana, na wengi huachana nao baada ya kubalehe.

Barani Ulaya ugonjwa huu huzidi majira ya machipuko, wakati maua yanapochanua. Katika Afrika Mashariki, mtoto anaweza kusumbuliwa mwaka mzima, hali ikipanda na kushuka. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanafunzi nchini Rwanda ulibaini kuwa takriban watoto 4 kati ya kila 100 walikuwa nao.

Dalili kuu ni mwasho usiovumilika. Mtoto hufikicha macho mchana kutwa, hukwepa mwanga wa jua, hutokwa na machozi na ute mweupe unaovutika kama uzi. Weupe wa jicho hugeuka kuwa wa rangi ya udongo, na ukingo wa duara jeusi huota kitu kama utelezi mzito wenye vidoa vyeupe. Kope la juu likipinduliwa huonekana vinundu, wakati mwingine vikubwa na vilivyopangana kama mawe ya sakafu.

Katika mazingira ya nyanda za juu, yako mambo mengi ya kulichokoza jicho la namna hiyo. Kuna vumbi la barabara na mashamba wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Machi, moshi wa kuni jikoni, chavua ya nyasi na miti, manyoya ya mifugo na mwanga mkali wa jua. Mambo haya peke yake hayauanzishi ugonjwa, lakini huuchochea kwa mtoto ambaye mwili wake tayari una mwelekeo wa mzio. Baadhi ya watoto hao huwa pia na pumu au ukurutu.

Kuna mambo mawili yanayowatofautisha na walioambukizwa. Kwanza, macho ya kuambukiza huja ghafla, humpata mmoja kisha ndugu zake, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Mzio hurudi mara kwa mara kwa mtoto yule yule huku ndugu zake wakiwa salama. Pili, mzio huwasha kuliko unavyouma, na huyapata macho yote mawili.

Trakoma nayo, ambayo kwa miaka mingi imezisumbua sehemu kavu za Bonde la Ufa kama vile Turkana, Pokot Magharibi na Baringo, huotesha vinundu chini ya kope la juu. Lakini trakoma husababishwa na bakteria na hutibiwa kwa antibayotiki. Ndiyo maana ni lazima kope lichunguzwe na aliyefunzwa kazi hiyo kabla ya dawa yoyote kutolewa.

Wengi huudharau mzio wakidhani ni usumbufu wa utotoni tu. Ukweli ni kwamba vinundu vya kope vinaweza kukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kusababisha kidonda kinachoacha kovu. Kufikicha macho kwa miaka mingi nako huhusishwa na keratokonasi, hali ambapo konea hupungua unene na kuchongoka kama pia hata uoni ukapotoka. Fauka ya hayo, mtoto asiyeweza kutazama ubao kwa sababu ya mwanga na machozi hubaki nyuma masomoni.

Ngazi za tiba ya mzio

Tiba hupanda ngazi kwa ngazi kulingana na ukali wa ugonjwa. Ngazi ya kwanza haihitaji daktari: kumwosha mtoto uso kwa maji safi mara kadhaa kwa siku, kumkanda kope kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji baridi, kumvalisha kofia yenye ukingo mpana, na kumweka mbali na moshi na vumbi kadiri inavyowezekana. La muhimu zaidi ni kumzoesha kuacha kufikicha macho.

Ngazi ya pili ni matone ya kuzuia mzio. Yako yanayozuia seli za mwili zisimwage kemikali ya mwasho, kama sodiamu kromoglikati, na yako yanayofanya kazi hiyo na papo hapo kutuliza mwasho wenyewe, kama olopatadini. Dawa hizi ni salama hata zikitumiwa kwa miezi mingi. Kasoro yake ni kwamba kromoglikati huchukua siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili. Wazazi wengi huiacha mapema wakidhani haifanyi kazi.

Ngazi ya tatu ni matone ya steroidi kama prednisoloni, deksamethasoni au fluorometholoni. Hutolewa kwa muda mfupi ugonjwa unapochacha, kisha hupunguzwa polepole huku matone ya kuzuia mzio yakiendelea. Ugonjwa ukikaidi, daktari anaweza kudunga steroidi chini ya kope la juu.

Ngazi ya nne ni dawa zinazotuliza kinga ya mwili bila kuwa steroidi, hasa siklosporini ya matone na takrolimasi ya kupaka. Jaribio lililofanywa Rwanda na kuchapishwa mwaka 2012 lililinganisha siklosporini ya asilimia 2 na deksamethasoni, na matokeo ya dawa hizo mbili yakakaribiana. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kutulizwa bila kuingizwa kwenye hatari za steroidi za muda mrefu. Kikwazo ni kuwa matone ya siklosporini hayapatikani kwa urahisi kila mahali, na mara nyingine hulazimu kutengenezwa na mfamasia wa hospitali.

Msumeno ukatao mbele na nyuma

Tangu steroidi zilipoanza kutumiwa katika tiba ya macho miaka ya 1950, zimeokoa uoni wa watu wasiohesabika. Hakuna dawa inayoushinda uvimbe kwa kasi kama hizo. Mtoto aliyelala akilia kwa mwasho anaweza kuamka baada ya siku 2 au 3 akiwa na macho meupe.

Kasi hiyo ndiyo mtego. Mzazi aliyeona muujiza huo huiweka chupa, na macho yakirudi kuwasha, humrudishia mtoto matone yale yale. Chupa ikiisha, hupeleka kopo tupu dukani na kuuziwa nyingine. Isitoshe, yako matone yaliyochanganywa antibayotiki na steroidi katika chupa moja, na mzazi anayedhani ananunua dawa ya kuua bakteria hurudi nyumbani na steroidi bila kujua.

Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka wakati wote, nayo huipa mboni shinikizo lake. Kwa kawaida shinikizo hilo huwa kati ya vipimo 10 na 21 vya milimita za zebaki. Kwa baadhi ya watu, steroidi huziba njia ya kutokea maji hayo, shinikizo likapanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Hiyo ndiyo glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Watoto hupatwa na hali hii mara nyingi na kwa haraka zaidi kuliko watu wazima.

Glakoma ya steroidi haiumi mwanzoni. Mtoto halalamiki, macho yanaonekana meupe na mazuri, na mzazi anafurahi. Sehemu ya uoni iliyopotea kwa njia hiyo hairudi, hata dawa ikisimamishwa.

Steroidi za muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho, yaani lenzi kugubikwa na ukungu, ambao huhitaji upasuaji. Na jicho lenye maambukizi ya kuvu au ya virusi vya tutuko likitiwa steroidi kimakosa, konea inaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Kutokana na hayo, kanuni ni moja: mtoto anayetumia matone ya steroidi kwa zaidi ya wiki 2 anapaswa kupimwa shinikizo la macho, na kipimo hicho kirudiwe kadiri dawa inavyoendelea. Mahali pasipo na kifaa cha kupima shinikizo hapafai kuendeshea tiba ya muda mrefu ya steroidi.

Uvimbe uliojificha ndani ya jicho

Ikiwa mzio hujitangaza kwa wekundu na mwasho, ugonjwa wa pili wa kundi hili unaweza kuja kimya kimya. Huu ni yuveitisi, uvimbe wa tabaka la ndani la jicho lenye mishipa mingi ya damu, likiwemo duara la rangi linaloizunguka mboni. Ni nadra kuliko mzio, lakini ni hatari zaidi.

Kwa watoto, chanzo kisicho cha kuambukiza kinachojulikana zaidi ni baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa wa kinga ya mwili unaovimbisha viungo kabla ya mtoto kutimiza miaka 16. Takwimu nyingi zimetoka Ulaya na Marekani Kaskazini, na huonyesha kuwa kati ya watoto 10 na 20 katika kila 100 wenye ugonjwa huo hupatwa na uvimbe wa macho. Walio hatarini zaidi ni wasichana walioanza kuugua viungo vichache wakiwa wadogo, hasa kabla ya miaka 7, na ambao kipimo cha damu kinaonyesha chembe za kinga zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika ugonjwa huu, mvua inaweza kunyesha pasipo wingu. Jicho huwa jeupe, haliumi, na mtoto wa miaka 4 hajui kusema kwamba anaona ukungu. Wakati huo huo, chembechembe za uvimbe zinaelea ndani ya maji ya jicho, duara la rangi linagandamana na lenzi, mboni inapoteza umbo lake la mviringo, na ukanda mweupe wa chokaa unatanda juu ya konea. Mzazi anapogundua kuwa mtoto anajigonga kwenye viti, jicho huwa limekwisha kudhurika.

Lugha yenyewe huchangia kuchelewa huko. Jina "baridi yabisi" humfanya mtu afikiri kuwa ugonjwa huletwa na baridi. Katika mahali penye asubuhi za baridi kama Dundori, mtoto anayeamka akichechemea na goti lililovimba huambiwa avae sweta na asikae kwenye umande. Wengine hudhani alianguka akicheza. Baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini haiuanzishi ugonjwa. Goti la mtoto linalovimba kwa wiki 6 au zaidi, likikakamaa asubuhi na kulegea mchana, linahitaji daktari. Na daktari akithibitisha baridi yabisi, macho lazima yachunguzwe hata kama hayana dalili yoyote.

Uchunguzi huo hufanywa kwa darubini maalumu yenye mwali mwembamba wa mwanga, kwani tochi peke yake haioni chembechembe hizo. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2019 inapendekeza mtoto aliye katika hatari kubwa akaguliwe kila baada ya miezi 3. Kipindi cha hatari zaidi ni miaka 4 ya kwanza tangu viungo vianze kuvimba.

Jinsi yuveitisi inavyotibiwa

Kabla ya kutangaza kwamba uvimbe hautokani na vijidudu, daktari hulazimika kuvitafuta vijidudu hivyo. Katika Kenya, hatua hii haiwezi kurukwa. Kifua kikuu, kaswende ya kurithi kutoka kwa mama, tutuko, toksoplazma na virusi vya Ukimwi vyote vinaweza kuvimbisha jicho kwa ndani. Hata saratani ya jicho, retinoblastoma, wakati mwingine hujifanya kama uvimbe wa kawaida. Ndiyo maana mtoto huchukuliwa vipimo vya damu, picha ya kifua na kipimo cha kifua kikuu.

Tiba huanza kwa matone ya prednisoloni ya asilimia 1, ambayo mwanzoni yanaweza kutiwa kila saa. Sambamba nayo hutolewa matone ya kupanua mboni, kama saiklopentoleti au atropini, ili duara la rangi lisigandamane na lenzi. Matone haya ya pili humfanya mtoto aone ukungu wa karibu na kuumizwa na mwanga, na mwalimu wake anafaa kuelezwa hivyo.

Lengo ni kupunguza matone ya steroidi hadi yakome. Iwapo baada ya miezi kadhaa mtoto bado hawezi kukaa bila tone 1 au 2 kwa siku, au iwapo ugonjwa ni mkali tangu mwanzo, madaktari hawaendelei kumwaga steroidi. Humhamishia kwenye dawa ya kutuliza kinga ya mwili mzima.

Dawa ya kwanza ni methotreksati, kwa vidonge au sindano. Ilianza kama dawa ya saratani, lakini hapa hutolewa kwa kipimo kidogo mno. Jambo la kukariri ni kwamba methotreksati hutumiwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kumewahi kuua. Huchukua miezi 2 hadi 3 kuonyesha matokeo, huandamana na vitamini ya foliki asidi, na humlazimu mtoto kupimwa damu na ini mara kwa mara. Msichana aliyebalehe huelezwa kwamba dawa hii hudhuru mimba.

Methotreksati ikishindwa, hufuata dawa za kibayolojia, hasa adalimumabu, ambayo hudungwa chini ya ngozi kila wiki 2. Ushahidi wake mkuu ulitoka Uingereza mwaka 2017, katika jaribio lililoitwa SYCAMORE lililowahusisha watoto 90 waliokuwa tayari wakitumia methotreksati. Miongoni mwa walioongezewa adalimumabu, tiba ilishindwa kwa asilimia 27. Miongoni mwa waliopewa sindano isiyo na dawa, ilishindwa kwa asilimia 60.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2025 uliuliza kama dawa hiyo yaweza kusimamishwa macho yakishatulia. Takriban theluthi mbili ya walioachishwa walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja. Somo lililopatikana ni kwamba jicho lililotulia halijapona. Limeshikiliwa na dawa, na uamuzi wa kuiacha ni wa daktari. Miongozo ya 2019 inataka macho yawe yametulia kwa angalau miaka 2 kabla ya kuanza kupunguza dawa hizi.

Adalimumabu inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, hivyo kipimo chake hutangulia. Hali kadhalika, chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, hazitolewi kiholela kwa mtoto anayetumia dawa hizi. Mzazi amwonyeshe daktari kitabu cha kliniki cha mtoto kabla ya tiba kuanza.

Shirika la Afya Duniani liliiongeza adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Hata hivyo, bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi za Kenya. Kwa hakika, hiyo ni sababu moja zaidi ya kuugundua ugonjwa mapema, wakati matone na methotreksati, ambazo ni nafuu, zingali zinaweza kutosha.

Kutoka Dundori hadi kwa mtaalamu

Mzazi wa Dundori huanzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Hapo mtoto anaweza kuangaliwa kwa mara ya kwanza na kuandikiwa rufaa. Hatua inayofuata ni jijini Nakuru, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wazee bado huiita hospitali ya mkoa. Huko ndiko penye huduma za macho na vifaa vya kupima shinikizo.

Maafisa wa kliniki waliosomea macho, wanaofunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, ndio uti wa mgongo wa huduma hizi nje ya Nairobi. Wanaweza kutibu mzio wa kawaida na kutambua yuveitisi, kisha kumpeleka mtoto kwa daktari bingwa. Kwa visa vigumu, rufaa huelekea Nairobi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au katika hospitali ya macho ya PCEA Kikuyu, ambayo haiko mbali na barabara kuu itokayo Nakuru.

Yuveitisi ya baridi yabisi huhitaji madaktari wawili: wa macho na wa viungo. Kenya ina wataalamu wachache mno wa baridi yabisi ya watoto, na wengi wao wako Nairobi. Kwa hivyo daktari wa watoto wa kaunti ndiye anayebeba mzigo wa kila siku kwa kushauriana nao.

Gharama nazo zina uzito wake. Hazina ya NHIF ilikoma na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanzia Oktoba 1, 2024. Mzazi anashauriwa kumsajili mtoto kama mtegemezi na kuuliza mapema ni vipimo na dawa zipi zinazolipiwa katika hospitali anakokwenda.

Nakuru imewahi kuchangia sana elimu ya macho duniani. Kati ya mwaka 2007 na 2008, zaidi ya watu 4,400 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walichunguzwa katika eneo hilo, na waliofuatiliwa miaka kadhaa baadaye ndio waliotumika kujaribu kipimo cha uoni cha simu ya mkononi kinachoitwa Peek. Kipimo hicho kilipelekwa baadaye katika shule za Trans Nzoia, ambako walimu walikitumia kuwabaini wanafunzi wasioona vizuri.

Vipimo vya namna hiyo ni vya thamani, lakini vina mpaka. Humnasa mtoto ambaye uoni wake tayari umepungua. Mtoto mwenye yuveitisi changa angali anaweza kusoma herufi zote. Wa namna hiyo hugunduliwa na yule tu aliyekumbuka kwamba goti lililovimba na jicho vinaweza kuwa na ugonjwa mmoja.

Wanachoweza kufanya wazazi na walimu

Mtoto apelekwe hospitalini bila kukawia iwapo:

- macho mekundu yamedumu kwa zaidi ya wiki 2 au yanarudi kila mara;
- anaukwepa mwanga, anaumwa na jicho au anaona ukungu;
- mboni si ya mviringo, au mboni mbili hazilingani;
- kuna doa jeupe juu ya kioo cha jicho;
- mboni inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera; hii ni dharura, kwani huenda ni saratani;
- ameanza makengeza ambayo hakuwa nayo;
- ana kiungo kilichovimba, hata kama macho hayana tatizo.

Maziwa ya mama, maji ya mitishamba, asali na mkojo visitiwe machoni. Vinaweza kuliingizia jicho vijidudu ambavyo havikuwemo. Matone ya mtu mwingine nayo yasitumiwe, wala chupa iliyobaki tangu mwaka jana. Kwa kawaida, chupa ya matone ikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki 4.

Anayetia dawa anawe mikono kwanza. Matone ya prednisoloni yenye rangi ya maziwa yatikiswe vizuri, la sivyo dawa hubaki chini na mtoto hutiwa maji matupu. Kope la chini livutwe, litiwe tone 1, mtoto afumbe jicho na pembe ya ndani ikandamizwe kwa kidole kwa dakika 1 hivi. Ikiwa kuna dawa ya pili, ingojewe dakika 5.

Kila mara mzazi anaponunua matone ya macho, na aulize swali moja: "Je, hii ina steroidi?" Ikiwa jibu ni ndiyo, swali la pili ni nani atakayempima mtoto shinikizo la macho, na lini. Asiyepata jibu la swali la pili asiondoke na chupa hiyo.

Shuleni, mtoto mwenye mzio aruhusiwe kuvaa kofia uwanjani na aketi mbali na dirisha lenye jua. Asitengwe wala asirudishwe nyumbani kana kwamba atawaambukiza wenzake, maadamu mhudumu wa afya amethibitisha kuwa ugonjwa wake hauambukizi. Siku za kliniki zihesabiwe kuwa ruhusa halali, kwani mtoto anayekosa kliniki moja ya miezi 3 anaweza kupoteza kile ambacho hakuna upasuaji utakaokirudisha.

Mtoto aliyetibiwa ipasavyo mzio wa macho ana kila sababu ya kuufikia utu uzima akiwa na uoni kamili, kwani ugonjwa wenyewe mara nyingi hujiondokea. Mwenye yuveitisi naye, akigunduliwa mapema na kufuatiliwa, anaweza kusoma, kucheza na kufanya kazi kama wenzake. Aghalabu hatima ya macho ya watoto hawa wawili huamuliwa na safari za kurudi kliniki hata siku ambazo macho yanaonekana mazima.